Kushusha Gari na Hesabu Niliyoikosea

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mhariri wa gazeti hili aliniomba niandike kitu chochote isipokuwa madhara ya dawa za kulevya, maana makala ya aina hiyo anayo matatu tayari. Nikamwambia nitaandika somo la magari. Akacheka. Lakini mimi ni mtoto wa gereji. Kila Jumamosi na likizo zote huwa kwa mjomba wangu hapa Chechelesi, chini ya mgunga, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Na jambo ninalolieleza lilinipata mimi mwenyewe, kwa hivyo nina haki ya kulisema.

Kwanza jina. Vijana wa mjini wakiona gari limekaribia kugusa ardhi husema "imelowa". Siku moja nilitamka hivyo darasani na mwalimu wetu wa Kiswahili akaniuliza imenyeshewa wapi, ilhali Isiolo haijaona tone tangu mwezi wa tano. Darasa zima likaangua kicheko. Mama mmoja jirani yetu hulisema vizuri zaidi: "lile gari lililochuchumaa". Kwangu mimi hilo ndilo neno la kupewa tuzo, lakini hapa nitatumia kushusha, kwa sababu ndicho fundi anachofanya: anaishusha bodi ya gari iwe karibu zaidi na barabara kwa kubadilisha springi na shoki.

Kwetu Isiolo jambo hili ni kinyume cha desturi. Ukisimama kando ya barabara kuu iendayo Moyale utaona magari madogo yaliyoinuliwa, hasa Probox, yamewekewa spesa juu ya springi ili tumbo lisikwaruzwe na mawe. Kabla ya lami kufika Moyale katika miaka ya 2010, gari fupi lilikuwa halina maisha upande ule. Hata magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1953, hujengwa hivyo hivyo. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 kule Naivasha, timu za ng'ambo zilikuja na magari yaliyosimama juu kuliko yale wanayotumia kwenye lami za Ulaya. Lakini lami ikishafika, vijana nao huanza kuuliza: kwa nini gari langu lisimame kama ngamia?

Swali lao si la kijinga. Gari likiwa chini, kitovu cha uzito wake nacho hushuka, na likikata kona uzito unaohamia kwenye magurudumu ya nje hupungua. Tuseme kitovu cha gari dogo kiko sentimita 55 kutoka ardhini, nawe ukashusha sentimita 6. Umepunguza uhamaji huo kwa karibu sehemu moja ya tisa. Si haba, ila si muujiza pia. Ukweli ni kwamba wengi hushusha kwa sababu ya sura. Nami sioni aibu kusema kwamba linapendeza.

Sasa mkasa wenyewe. Mwaka jana likizo ya Agosti alikuja jirani yetu mmoja, mimi humwita kaka ingawa hatuna undugu wa damu. Ana Vitz, iliyotoka Japani ikiwa imetumika kama yalivyo mengi ya magari yetu. Gari hilo halipumziki. Alfajiri humpeleka mama yake kuchukua maziwa ya ngamia njia ya Burat, kisha huyafikisha stendi yapakiwe kwenye basi la Nairobi. Mchana ni teksi. Jioni ni la kutembelea marafiki. Kaka alikuwa ameona picha kwenye simu, akataka lake likae vile.

"Springi za kununua ni pesa nyingi," akamwambia mjomba. "Hizi si unaweza kukata tu?"

Mjomba alisita. Alisema ngamia hakatwi miguu kwa sababu mpandaji ni mfupi. Kaka akanigeukia mimi. "Dogo, wewe ndiye unasoma Fizikia. Piga hesabu."

Nikavimba kichwa, msomaji. Nikachukua rula na kalamu.

Hebu tusimame hapa tujifunze springi ni nini. Kanuni yake iligunduliwa na Mwingereza Robert Hooke. Mwaka wa 1676 aliitangaza kwa fumbo, akazipanga herufi za sentensi yake kwa alfabeti ili mtu asimwibie, na mwaka wa 1678 akaifumbua. Kanuni inasema hivi: kadiri unavyoongeza kani, ndivyo springi inavyobonyea au kurefuka kwa kipimo kile kile. Mzigo ukiwa maradufu, kubonyea nako ni maradufu. Tuliisoma Kidato cha Pili, tukatundika mawe ya mizani kwenye springi ndogo, tukachora mstari ulionyooka, nikapata alama tisa juu ya kumi. Alama hizo tisa ndizo zilizonidanganya.

Springi ya mbele ya lile gari, ikiwa imetolewa na kulala chini, ilikuwa na urefu wa sentimita 33 na mizunguko 6. (Vipimo nimevizungusha kidogo, na zile ncha zilizobanana nimeziacha, ili hesabu iwe nyepesi.) Nikagawanya: 33 kwa 6 ni 5.5. Kwa hivyo nikatangaza kwa sauti ya profesa kwamba ukikata mzunguko mmoja gari litashuka sentimita 5 na nusu. Kaka alitaka sita hivi. Akasema, "Sawasawa, kata."

Tulikata mmoja kila upande kwa mashine ya diski. Angalau hatukutumia moto wa gesi. Wako mafundi wanaochoma springi mpaka ilale yenyewe, na hilo ni baya kuliko yote, maana chuma cha springi kilipewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Ukikichoma ovyo kinasahau kazi yake, na kesho kitalala zaidi au kivunjike. Tukarudisha springi, tukashusha jeki, tukapima. Gari lilikuwa limeshuka sentimita 3 tu.

Kaka akanuna. Mimi nikababaika. Nikasema labda rula imekosea, labda springi "haijakaa". Uongo mtupu. Nilikuwa sijui. Akasema, "Basi kata mwingine." Tukakata mwingine, gari likashuka sentimita 3 nyingine, jumla 6. Kaka akafurahi, akapiga picha tisa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Springi iliyo ndani ya gari si ile iliyolala chini. Imebeba. Kila gurudumu la mbele la gari lile hubeba kama kilo 300, yaani kani ya niutoni 3,000. Chini ya mzigo huo springi nzima ilibonyea sentimita 15, ikabaki na urefu wa 18. Gawanya 18 kwa mizunguko 6, utapata 3. Mzunguko uliobeba gari una urefu wa sentimita 3, si 5.5, na ukiuondoa unaondoa hizo tatu. Yaani jibu lilikuwa hapo mbele yangu. Nilipima kitu sahihi kikiwa mahali pasipo sahihi.

Kuna la pili lililofichika humo humo. Springi ikikatwa huwa ngumu zaidi. Fikiria watu sita wanaogawana kubonyea. Ukiwafukuza wawili, waliobaki hawaongezi juhudi, kila mmoja hubonyea kile kile alichobonyea mwanzo chini ya mzigo ule ule. Springi yetu ya mizunguko 6 ilihitaji niutoni 200 kubonyea sentimita moja (3,000 gawa kwa 15). Ile ya mizunguko 4 ilihitaji 300. Ugumu umeongezeka kwa nusu nzima, ilhali shoki ni ile ile ya zamani. Kazi ya shoki ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Ukiipa springi yenye nguvu kuliko ile iliyopimiwa, ni kama kumpa mchungaji mtoto fahali wa kumshika pembe. Kaka mwenyewe alianza kulalamika wiki ya kwanza kwamba gari linadunda.

Na nafasi? Hapo awali gurudumu lilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla ya kugonga ile raba ya mwisho. Zidisha 8 kwa 200: tuta lilihitaji kani ya 1,600 kufika kwenye raba. Baada ya kukata zilibaki sentimita 2. Zidisha 2 kwa 300: ni 600 tu. Springi ni ngumu zaidi, lakini gari linagonga mapema zaidi. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilikaa kimya kwa muda. Lakini nililiona baadaye, si Agosti.

Sasa naja kwenye kosa kubwa, ambalo lilitupa ishara tukaipuuza. Kuirudisha springi nzima huhitaji kibanio maalumu, maana hata gari likiwa juu ya jeki na gurudumu linaning'inia, springi bado imebanwa. Inataka kuruka nje, na ikikuruka ni kifo. Baada ya kata la pili mjomba aliingiza springi kwa mkono, bila kibanio. Akanitazama. "Mbona imeingia kirahisi hivi?"

Nikamjibu, "Ni fupi, mjomba."

Naye akaniamini.

Tupige hesabu ambayo ningeipiga siku ile. Gurudumu likining'inia, shoki huliruhusu kushuka sentimita 8 chini ya mahali pake pa zamani. Nafasi ya springi inakuwa 18 jumlisha 8, yaani 26. Springi nzima ya 33 imebanwa vizuri humo. Baada ya kata la kwanza ilikuwa 27.5; bado imebanwa, kwa sentimita moja na nusu, roho mkononi. Baada ya kata la pili ilikuwa 22. Nafasi ni 26, springi ni 22. Sentimita 4 za hewa. Yaani kila gurudumu linaposhuka shimoni, springi inacheza ndani ya kikombe chake kama njugu kwenye kopo.

Mvua za vuli zilikuja Novemba. Alfajiri moja kaka alikuwa anarudi na mama yake kutoka njia ya Burat, na jerikeni tatu za maziwa ndani ya buti. Maji ya usiku yalikuwa yamekula ukingo wa barabara mahali inapovuka laga ndogo. Gurudumu la mbele la kulia likatumbukia, likaning'inia, na lilipopanda tena springi haikurudi mahali pake. Ilikaa upande. Tumbo la gari likagonga jiwe, usukani ukavuta kulia, wakaishia kwenye mchanga. Ashukuriwe Mungu walikuwa polepole. Mama alipigwa na mlango akateguka kifundo cha mkono. Jerikeni mbili kati ya tatu zilipasuka. Lita 40 za maziwa zikanywewa na laga.

Nilikwenda kumsalimu Mama jioni yake. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na ingekuwa afadhali. Alinikaribisha chai, mkono umefungwa kitambaa, akaniuliza habari za masomo. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza. "Mwanangu, siku ile ya kupima, mliniuliza mimi nabeba nini?"

Hatukumwuliza. Nilipima gari tupu, limesimama kwenye sakafu ya saruji, kijana mmoja ameliegemea. Gari la kila siku halikai hivyo hata dakika kumi. Lina watu wanne, lina jerikeni tatu za lita ishirini, lina matuta mbele ya shule na korongo baada ya mvua.

Msomaji asidhani nasema kushusha ni haramu. Duniani kuna watu walioifanya kuwa sanaa. Vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko huko California walianza zamani kushusha magari yao ili yatembee polepole na kwa madaha, na serikali ya jimbo, kuanzia mwaka wa 1958, ikakataza gari lenye sehemu iliyo chini ya ukingo wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja aitwaye Ron Aguirre akafunga kwenye gari lake mitambo ya mafuta ya kuliinua na kulishusha kwa swichi: akimwona polisi analipandisha, polisi akipita analishusha. (Walimu, tafadhali msidhani nafundisha ujanja.) Kwa upande wa Japani, ukaguzi wa magari hutaka sehemu zisizosogea chini ya gari ziwe angalau sentimita 9 kutoka ardhini. Lile la kaka lilikuwa na 14 kabla yetu. Tuliliacha na 8. Lingekataliwa huko huko lilikotoka, kwenye barabara laini kama meza.

Wanaofanya kazi hii vizuri hawakati. Hununua springi zilizotengenezwa kuwa fupi. Ukiziangalia utaona waya ni mnene zaidi, au mizunguko ya juu imesongamana na ya chini ina nafasi, ili springi iwe laini mwanzoni na ngumu mzigo unapozidi, na ibaki imebanwa hata gurudumu likining'inia. Unene wa waya una nguvu ya ajabu: ukitoka milimita 12 hadi 13, ugumu huongezeka zaidi ya theluthi, kwa sababu unene huo huzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Springi hizo hufungwa na shoki fupi zinazolingana nazo. Wenye pesa zaidi hununua shoki zenye uzi wa parafujo nje, ambazo kikombe cha springi huzungushwa juu au chini mpaka urefu unaotaka. Kwa gari la kazi, sentimita 3 zatosha sana, na ukifika hapo pima kwanza nafasi iliyobaki kabla ya raba, gari likiwa na mzigo wake wote. Wote, pamoja na Mama.

Jambo la mwisho la kiufundi, nalipitia haraka. Gari likishuka, vyuma vya usukani na mkono wa chini hubadilika pembe. Magurudumu huanza kutazama pengine, na tairi huliwa upande wa ndani ambao huuoni mpaka nyuzi zitokeze. Kwa hivyo kila ukigusa springi, peleka gari likapimwe na kunyooshwa magurudumu. Taa nazo ziangaliwe. Sisi hatukufanya hata moja kati ya hayo, na tairi mbili za kaka zilikuwa zimekwisha kwa miezi mitatu.

Tulilirudisha lile gari kama lilivyokuwa. Mjomba alipata springi za asili za mitumba, akazifunga bila malipo. Mimi nilifanya kazi Jumamosi zote hadi Krismasi bila kupewa hata ya soda, na pesa hizo zilikwenda kwenye jerikeni na maziwa. Mwalimu wetu wa Fizikia alisikia habari, akaniomba vile vipande vinne vya springi tulivyokata. Viko maabara, kabati la pili, na ukiingia utaviona vimefungwa karatasi iliyoandikwa 5.5 kisha ikafutwa ikaandikwa 3.

Sasa zoezi. Wiki iliyopita kijana mwingine alikuja gereji na gari lake. Springi yake ya mbele, ikiwa imelala chini, ina sentimita 30 na mizunguko 5. Ikibeba gari hubaki sentimita 20. Gurudumu likining'inia, nafasi ya springi ni sentimita 27. Anataka lishuke sentimita 4, na anabeba mifuko ya simiti.

(a) Akate mizunguko mingapi?

(b) Baada ya kukata, springi itakuwa imebanwa gurudumu likining'inia, au itacheza? Kwa sentimita ngapi?

(c) Ungemwuliza nini kabla ya kuchukua rula?

Majibu yaletwe kwangu, Kidato cha Tatu, dawati la nyuma karibu na dirisha, kabla ya Ijumaa. Kijana anarudi Jumamosi.